Shimo Lisilofunikwa



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya kwanza, mzee mmoja wa jumuiya yetu aliteleza kwenye ngazi za mlango wa kusini wa kanisa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na wengi wenu mnazijua ngazi zile. Marumaru tulizozitandaza kwa fahari kubwa hung'aa kama kioo wakati wa kiangazi, na wakati wa masika huwa kama zimepakwa sabuni. Mzee hakuvunjika, tumshukuru Mungu. Alichubuka kiwiko na kuumia nyonga. Vijana walimwinua, naye akacheka, akaniambia, "Padre, usijali, ni uzee tu." Tukacheka pamoja naye, kisha tukaenda zetu kunywa chai.

Usiku ule sikulala vizuri. Maneno yale ya mzee yalinirudisha mbali, kwa mama mmoja ambaye naye alianguka, naye pia akajilaumu mwenyewe, na mimi nikiwa mchungaji wake nikamshauri vibaya. Mambo haya hakunieleza katika kitubio, na alinipa ruhusa kuyasimulia bila kumtaja jina. Nimekaa nayo miaka mingi. Leo naona imenipasa kuyaandika, maana yanatuhusu sisi kuliko nilivyodhani.

Kati ya mwaka 2014 na 2017 nilitumwa kuhudumu katika mji wa Lowell, jimbo la Massachusetts, nchini Marekani. Ni mji wa viwanda vya zamani vya nguo kando ya mto Merrimack, na ndani yake wanaishi Wakenya wengi. Akina mama wengi wa jumuiya ile wanafanya kazi ya kutunza wazee na wagonjwa. Wanawageuza kitandani, wanawaogesha, wanawainua kutoka kitini. Ni kazi ya mikono na mgongo.

Jumamosi moja ya Februari 2016, mama huyu aliingia katika duka kubwa la vyakula kununua sukuma wiki. Katika maduka yale, juu ya rafu za mboga za majani hupita mabomba membamba yanayonyunyiza maji kila baada ya muda ili majani yasinyauke. Siku hiyo maji yalikuwa yamevuja hadi sakafuni. Hapakuwa na kibao cha njano cha kutahadharisha, wala zulia. Mama aliteleza, akaangukia mkono wa kulia. Watu waligeuka kumtazama, naye kwa aibu akainuka upesi, akamwomba radhi kijana wa duka kwa usumbufu, akalipia mboga zake, akaendesha gari hadi nyumbani kwa mkono mmoja. Jioni, hospitalini, aliambiwa kwamba mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika.

Juma lililofuata alinijia ofisini. Alisema, "Padre, watoto wananiambia niishtaki ile duka. Mimi naogopa. Si ni dhambi?"

Nilimjibu kwa dakika kumi. Nilimkumbusha jinsi Mtume Paulo alivyowakemea Wakorintho kwa sababu walikuwa wakishtakiana, akiwaambia kwamba heri kudhulumiwa. Nilimwambia asamehe, amwachie Mungu. Nikiri pia yaliyokuwa moyoni mwangu. Nilikuwa nimesikia hadithi nyingi za watu wa nchi ile wanaokimbilia mahakamani kwa jambo lolote, na nilijivunia kimoyomoyo kwamba watu wetu hawako hivyo. Yule mama alipokea shauri langu kwa utii, akaomba baraka, akaenda zake. Mimi nikajihesabia kazi njema.

Miezi mitano baadaye alirudi. Mfupa ulikuwa umeunga vibaya. Hakuweza tena kumwinua mgonjwa, na mwajiri wake alikuwa amempunguzia saa za kazi hadi kubaki chache. Alikuwa na kodi ya nyumba, sehemu ya gharama za hospitali ambayo bima yake haikuilipa, na wadogo zake wawili waliosubiri ada ya shule kule nyumbani Kenya. Hakunilaumu hata kidogo. Alisema tu, "Padre, mimi nilishasamehe. Sasa nitalipa kodi na nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimpeleka kwa wakili mmoja, muumini wa parokia ile, mtu mtaratibu aliyekuwa amefanya kesi za namna hii kwa miaka mingi. Aliketi nasi saa mbili nzima, na katika saa hizo mbili niligundua kwamba nilikuwa nimetoa hukumu juu ya jambo nisilolijua.

Nilidhani sheria ya kule humpa fedha kila aangukaye. Sivyo. Mwenye duka hadaiwi kwa sababu tu mtu ameanguka ndani ya duka lake. Mdai lazima aonyeshe uzembe, yaani kwamba mwenye duka ndiye aliyeisababisha hatari, au aliijua, au ilikuwapo kwa muda wa kutosha hata mtu mwangalifu angeiona na kuiondoa. Wakili alitufafanulia kwa kesi mbili za kale za Massachusetts, na zote mbili ni za ganda la ndizi. Mwaka 1901 msafiri aliteleza kwenye jukwaa la reli. Jaji Mkuu Holmes alimnyima fidia kwa maelezo mafupi sana, kwamba huenda ganda lile liliangushwa dakika hiyo hiyo na abiria aliyekuwa akishuka, na hakuna mfagiaji ambaye angeliwahi. Mwaka 1911 mwanamke aliteleza katika kituo cha Boston, naye akashinda. Tofauti ilikuwa katika ganda lenyewe, kwa kuwa mashahidi walisema lilikuwa kavu, jeusi, lenye mchanga, limekanyagwa hadi likawa bapa. Ganda la namna hiyo lilikuwa limelala pale kitambo, na wafanyakazi waliokuwapo walipaswa kuliona. Rangi ya ganda ndiyo iliyoamua haki.

Lakini maduka yalibadilika. Zamani muuzaji alisimama nyuma ya meza, akakupimia unachotaka. Siku hizi mnunuzi hujichukulia mwenyewe, na mwenye duka hupata faida kwa mpango huo. Ndiyo maana mwaka 2007 Mahakama ya juu kabisa ya Massachusetts, katika kesi ya mtu aliyeteleza kwa zabibu moja sakafuni, iliamua kwamba ikiwa namna yenyewe ya kuendesha biashara huleta hatari ya mara kwa mara inayoweza kutabiriwa, mdai hahitaji kuthibitisha zabibu ilikaa chini kwa dakika ngapi. Swali huwa hili: Je, mwenye duka alichukua hatua zinazofaa kuwakinga watu na hatari aliyoijua tangu mwanzo?

Tena kuna mizani ya upande wa pili. Sheria ya jimbo lile huuliza pia aliyeanguka alichangia nini. Ikiwa kosa lake limezidi kosa la wadaiwa, hapati kitu. Ikiwa halijazidi, fidia yake hupunguzwa kwa kadiri ya kosa lake. Na mlango wa mahakama haubaki wazi daima, maana madai haya yana miaka mitatu tu.

Kisha wakili akauliza swali nililoliogopa. Je, siku ile duka liliandika taarifa ya ajali? Mama alijibu kwamba hapana, aliondoka. Je, kuna mtu aliyeliandikia duka kulitaka litunze picha za kamera? Hapana. Wakili akafumba macho kidogo. Alisema picha za kamera za maduka hurekodiwa na kufutwa, nyingine juu ya nyingine, na baada ya miezi mitano hazipo tena. Kisha akauliza ni nani aliyemshauri asubiri. Mama alitazama chini, hakunitaja. Nilijitaja mwenyewe.

Nilirudi nyumbani nikasoma upya maandiko niliyomsomea kwa haraka. Paulo alisema na ndugu wa kanisa moja waliokuwa wakinyang'anyana mali. Hakusema na mjane aliyevunjika mkono katika duka lenye bima iliyokatwa kwa ajili ya ajali za namna ile ile. Na nilikuwa nimeiruka sheria ya Kutoka, sura ya 21, inayosema habari za mtu achimbaye shimo asilifunike: ng'ombe au punda wa mwenzake akitumbukia, mwenye shimo atalipa. Niliiruka pia Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inayomwagiza ajengaye nyumba aweke ukuta mdogo kandokando ya dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Angalieni, ndugu zangu, kwamba mwenye shimo hakumchukia punda, wala mwenye nyumba hakumsukuma mgeni. Walichokosa ni uangalifu, na Mungu alikihesabu.

Hata Mtakatifu Thoma wa Akwino, tuliyemsoma seminarini hadi usiku wa manane, aliweka suala la kurudisha na kufidia chini ya fadhila ya haki. Msamaha ni tendo la moyo wa aliyeumizwa, na fidia ni wajibu wa aliyeumiza. Zakayo alipokelewa na Bwana kwa furaha, na bado aliahidi kurudisha mara nne. Mimi nilikuwa nimemtaka mama yule atoe cha kwanza na pia amwachilie mwingine wajibu wa cha pili. Nilikuwa mkarimu kwa mali isiyo yangu.

Kesi ilifunguliwa, na ndipo majaribu yalipokuja, kwa maana njia ya haki nayo ina utelezi wake. Mpwa wake alimshauri aseme kwamba mgongo nao umeumia, avae na mkanda wa shingo, ili kiasi kiongezeke. Mama alikataa. Alimwambia, "Mgongo wangu ni wa kazi ya miaka ishirini. Hiyo si ya duka." Alipohojiwa chini ya kiapo, wakili wa upande wa duka alimwuliza kama alikuwa akitazama simu alipoanguka. Alijibu ndiyo, kwa kuwa orodha ya vitu vya kununua ilikuwa ndani ya simu. Alijua jibu lile lingempunguzia fidia, na akalitoa.

Na kulikuwa na kijana. Yule aliyeombwa radhi siku ile alikuwa mtoto wa parokia yetu, mwenye miaka kumi na saba, akifanya kazi ya kufagia na kupanga mikokoteni baada ya shule. Naye aliitwa kutoa maelezo chini ya kiapo. Mama yake alinijia akilia. Kijana alikuwa amemweleza msimamizi wake, tena zaidi ya mara moja, kwamba bomba la mboga linavuja. Pia siku ile yeye mwenyewe alikuwa ameyaona maji, akaenda kwanza kusaidia kwenye mstari wa malipo kwa sababu ndivyo alivyoamriwa. Akisema kweli, yeye na msimamizi wake wataingia lawamani. Akinyamaza, yule mama atashindwa, maana picha za kamera hazipo. Alitaka nimwambie la kufanya.

Safari hii sikujibu kwa dakika kumi. Nilimwita kijana tukaketi jioni tatu. Sikumficha kwamba ukweli ungeweza kumgharimu kazi. Nilimwambia pia kwamba anadaiwa ukweli tu, wala hadaiwi zaidi ya ukweli. Asijibebeshe kosa lisilo lake, wala asimtupie msimamizi lililo lake. Alikwenda, akasema yote mawili. Miezi michache baadaye aliacha kazi pale. Hakuniambia kama aliondolewa au aliondoka, nami sikumlazimisha kuniambia.

Shauri halikufika mbele ya jopo la raia. Lilimalizwa kwa mapatano, kama zinavyomalizika nyingi za aina hii. Msidhani mama alitajirika. Wakili alichukua theluthi moja, ndilo pato la kawaida kwa mawakili wa kesi hizi, ambao wasiposhinda hawalipwi ujira. Bima ya afya ilidai irudishiwe sehemu ya ilicholipa. Kilichobaki kililipia upasuaji wa kunyoosha mfupa na mafunzo ya miezi kadhaa ya kazi isiyohitaji kuinua mtu. Lakini nilipopita dukani pale kabla ya kuondoka Marekani, niliona zulia la mpira chini ya rafu za mboga, na bomba jipya. Nilisimama pale kwa muda, na mtu mwenye mkokoteni akaniomba nimpishe.

Nimerudi nyumbani tangu mwaka 2017, na baadhi yenu mtasema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. Wanasheria wa parokia yetu wamenifundisha vingine. Tanzania Bara iliupokea msingi wa sheria ya Kiingereza kwa tarehe ya 22 Julai 1920, na maamuzi yaliyotolewa huko baadaye husomwa katika mahakama zetu kama ya kushawishi. Moja ya maamuzi hayo lilianza na mwanamke aliyedai kwamba mwaka 1928, mjini Paisley, huko Scotland, alikunywa kinywaji cha tangawizi ambacho chupani mwake mlikuwa na konokono aliyeoza. Mwaka 1932 Lord Atkin, katika kuamua shauri lile, aliliazima swali ambalo mwanasheria alimwuliza Bwana wetu katika Injili ya Luka: Jirani yangu ni nani? Akajibu kwamba mbele ya sheria jirani ni yule ambaye tendo langu linaweza kumgusa kwa ukaribu, kiasi kwamba imenipasa kumfikiria kabla ya kutenda. Jibu la sheria ni jembamba kuliko la Msamaria Mwema, lakini limechotwa katika kisima kile kile.

Wakanieleza na kesi ya duka la Tesco mjini Liverpool, ambako mwaka 1974 mama mmoja aliteleza kwenye maziwa ya mtindi yaliyomwagika. Duka lilisema sakafu hufagiwa mara tano au sita kwa siku. Lakini halikuweza kuonyesha mara ya mwisho ilikuwa lini kabla ya ajali. Mahakama ya Rufani, majaji wawili kwa mmoja, ilisema ni juu ya duka kueleza. Mama alipewa pauni 137 na nusu. Hapa kwetu madai ya namna hii nayo yana miaka mitatu. Kenya ni hivyo hivyo, nao wana sheria mahususi, Sura ya 34, juu ya wajibu wa mwenye jengo kwa waingiao ndani yake.

Basi turudi kwenye ngazi zetu. Juzi nilifungua daftari la kumbukumbu za Halmashauri ya Walei. Suala la ngazi za mlango wa kusini lilijadiliwa mwaka jana, mara mbili. Katika kikao cha kwanza ilielezwa kwamba watu watatu wameteleza. Katika kikao cha pili tuliamua kusubiri, ili fedha zitumike kwanza kupaka rangi mnara kabla ya ziara ya Baba Askofu. Aliyeongoza kikao hicho ni mimi, na sahihi iliyo chini ya ukurasa ni yangu. Ganda letu la ndizi lilikuwa limekwisha kuwa jeusi.

Yule mzee hatatushtaki. Ningeweza kuapa. Anatupenda, ni mnyenyekevu, na amekwisha kusema ni uzee tu. Nami naogopa kwamba ni kwa sababu hiyo hiyo tulimwacha atembee juu ya marumaru zile kwa mwaka mzima. Duka lile la Lowell angalau liliogopa mahakama. Sisi tunamwogopa nani, ikiwa wanaoanguka kwetu hutuomba radhi?

Kwa hiyo nawatangazia mambo manne. Kwanza, mlango wa kusini umefungwa tangu leo hadi ngazi zitakapotengenezwa. Tumieni mlango mkuu. Pili, Jumamosi hii saa mbili asubuhi naomba mafundi wetu, waashi na wachomeleaji, tukutane kuweka vishikio vya chuma pande zote mbili na kuyakwaruza marumaru yashike mguu. Fedha za rangi ya mnara zitatumika hapo, na nimekwisha kumwandikia Baba Askofu kumweleza kwa nini ataukuta mnara ulivyo. Tatu, sakristia itakuwa na daftari la ajali. Yeyote atakayeanguka au kuumia katika eneo la parokia, hata kama anaona aibu, aandikwe siku hiyo hiyo. Nne, jana nilikwenda nyumbani kwa mzee pamoja na mweka hazina. Nilimwomba msamaha kwa niaba yangu na yenu, nikamwambia kwamba parokia italipa gharama za vipimo vya nyonga na dawa.

Alikataa fedha mara tatu. Alisema kumdai Padre ni laana. Ilinibidi nimsimulie habari za mama wa Lowell, tangu mwanzo hadi mwisho, kama nilivyowasimulia ninyi. Alisikiliza kimya. Mwishowe alimwita mkewe alete risiti za hospitali, akaziweka juu ya meza mbele yangu, akasema, "Basi, Padre, hesabu."

Nawatakia juma jema lenye amani. Tukutane Jumamosi, na kila mwenye drili au mashine ya kuchomelea aje nayo.

Wenu katika Kristo,
Paroko